Jinsi ya kuchaji simu ili betri idumu kwenye joto letu la Dodoma

Kila asubuhi nikifungua meza yangu ya ufundi hapa Majengo, kabla hata sijamaliza kufuta vumbi, kuna mtu ananiwekea simu mbele na kuniambia, "Fundi, hii simu haikai na chaji." Nikianza kumuuliza anavyoichaji, yanakuja maswali yale yale ya jana na juzi. Nikilala simu ikiwa kwenye chaji naiua betri? Simu mpya lazima niichaji masaa manane kabla ya kuiwasha? Nisubiri izime kabisa ndipo nichomeke? Chaja ya jirani ina madhara? Ni maswali ya maana, na mara nyingi anayeuliza ameshapoteza hela au yuko karibu kuipoteza. Nayajibu hapa hatua kwa hatua, kwa mtu anayeishi Dodoma, Singida, Manyoni, Kongwa au Mpwapwa, kwa sababu jua letu na vumbi letu havimo kwenye kile kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi la simu.

Shika hili kabla ya yote: betri nyingi ninazobadilisha hazikufa kwa kuchajiwa mara nyingi. Zilikufa kwa joto, na kwa kuachwa zimejaa pomoni au zimekauka kabisa kwa muda mrefu. Betri ikikaa mahali pa baridi na chaji yake ikazoea kuwa katikati, si kujaa wala kukauka, itakutumikia miaka mitatu hata minne. Ukiichaji juani, mwaka mmoja tu unatosha kuiua.

Nadharia kidogo

Betri ya simu ya leo ni ya lithiamu-ioni, ambayo hapa naiita ya lithiamu tu. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kwenda upande mmoja unapochaji, na hurudi unapotumia simu. Kila safari kuna chembe chache zinazonasa na hazirudi tena. Kwa hiyo kila betri itazeeka. Kazi yetu ni kuuchelewesha uzee.

Betri ikijaa asilimia 100, volti zake hufika 4.2, na kwenye simu nyingi za sasa hukaribia 4.4. Hapo kemikali za ndani zinakuwa zimebanwa na zinaanza kuharibiana. Joto likiingia, uharibifu unakwenda mbio. Tazama vipimo hivi vya betri iliyowekwa tu mwaka mzima bila kutumika. Kwenye nyuzi joto 25, iliyowekwa na chaji asilimia 40 inabaki na uwezo wa kama asilimia 96, na iliyowekwa imejaa inabaki na kama 80. Kwenye nyuzi joto 40, ya kwanza inabaki na kama 85, na iliyojaa inashuka hadi kama 65. Hakuna aliyeitumia hata siku moja, lakini theluthi nzima ya uwezo wake imeondoka.

Kuhusu idadi ya kuchaji, watengenezaji huhesabu mizunguko. Ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, huo ni mzunguko mmoja, hata kama umechomeka waya mara nne. iPhone za kabla ya toleo la 15 zilipangwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa kwao zifikishe mizunguko 800 zikiwa bado na asilimia 80. Kwa hiyo usiogope kuchomeka mara kwa mara. Kuchaji kidogo kidogo hakuidhuru betri ya lithiamu, na kunaifaa kuliko kuikausha na kuijaza kila siku.

Andaa vitu hivi kwanza

- Chaja iliyokuja na simu, au nyingine nzuri yenye maandishi yanayosomeka
- Waya mzima, usiolegea na usiochubuka shingoni
- Kijiti cha meno cha mbao na tochi
- Mahali pa kuchajia pasipopigwa na jua na penye sehemu ngumu na baridi, kama sakafu ya saruji, meza au dirisha la upande wa kivuli
- Kama unatumia sola, kidhibiti chaji kati ya paneli na simu
- Dakika kumi za kukaa na mipangilio ya simu yako

Huhitaji kununua programu yoyote ya "kuponya betri". Hakuna programu inayoweza kurudisha lithiamu iliyokwisha kunasa.

Hatua kwa hatua

1. Jua hali ya betri uliyonayo. Kwenye iPhone fungua mipangilio, sehemu ya betri, utaona uwezo uliobaki kwa asilimia. Ikiwa chini ya 80, betri imechoka na mwongozo huu utaisaidia kidogo tu. Kwenye Samsung tumia programu ya Samsung Members, ina kipimo cha betri. Kwenye Android nyingine unaweza kupakua AccuBattery, ukaiacha ihesabu kwa wiki moja au mbili ndipo uiamini. Kwenye baadhi ya simu, ukibonyeza \*#\*#4636#\*#\* kama unapiga namba, unafunguka ukurasa wa siri wenye taarifa za betri pamoja na joto lake. Hilo joto ndilo ninalolitazama kwanza. Kwenye nyuzi 25 hadi 35 niko na amani, likivuka 40 namwambia mwenye simu aichomoe.

2. Safisha tundu la chaji. Watu wengi huiruka hatua hii, na huku kwetu haifai kurukwa kabisa. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu na kulipenyeza kila mahali, na simu inayokaa mfukoni inaongezea nyuzi za kitambaa. Kila waya ukichomekwa unalishindilia vumbi hilo chini. Nikichokonoa hutoka kipande kigumu chenye umbo la tundu lenyewe, kama kizibo. Waya hapo haufiki mwisho, vyuma vinagusana kwa shida, panapogusana panapata moto, na moto huo unasambaa ndani ya simu.

Zima simu. Mulika tundu kwa tochi. Tumia ncha ya kijiti cha meno, pitisha taratibu pembeni na chini, ukivuta uchafu kuja nje. Kama ni tundu la Aina C (Type-C), jihadhari na ulimi mwembamba uliopo katikati, ukikatika umenunua kazi nyingine. Usitumie sindano wala pini, kwa sababu chuma kinaunganisha nguzo (vile vyuma vidogo vinavyopitisha umeme) na kuunguza. Usipulize kwa mdomo pia, mate ni maji na maji yanaleta kutu. Ukichomeka waya baada ya hapo utausikia unabana sawasawa.

3. Chagua chaja na waya kwa kusoma maandishi. Geuza chaja utafute mstari wa umeme unaotoka. Ikiandikwa 5V na 2A, zidisha, hiyo ni wati 10. Wengi wanaogopa kwamba chaja ya wati 33 italipua simu ya wati 10. Kwa chaja nzuri haiko hivyo, kwani simu ndiyo inayovuta umeme kwa kadiri yake. Ni kama bomba la maji: presha iko pale, lakini unayechota ni wewe. Chaja ya jirani, ikiwa nzima na ya viwango, haina madhara.

Inayoleta madhara ni chaja bandia. Dalili zake ni tatu. Ni nyepesi mkononi kama boksi tupu. Inachoma ukiigusa baada ya nusu saa. Na ukiwa unachaji, kioo kinajibonyeza chenyewe au kidole hakisikilizwi, kwa sababu umeme wake ni mchafu. Ukiona hiyo ya tatu, chomoa na usiirudishe tena.

Chaji ya kasi nayo naulizwa sana. Haiui betri kwa siku moja, lakini inaleta joto zaidi. Itumie ukiwa na haraka. Ukiwa na muda, nenda kwenye mipangilio uizime, au tumia chaja yako ndogo ya zamani. Mimi nyumbani nina chaja ya wati 10 ya kila siku, na ya kasi nimeiweka kwenye begi la safari.

4. Tafuta mahali pa baridi pa kuchajia. Hapa ndipo ningependa uchukue muda wako wote.

Chaji ya lithiamu haitakiwi kufanyika betri ikiwa na joto la kupita nyuzi 45, na simu nyingi hukataa zenyewe zikifika hapo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mchana wa Dodoma unapita nyuzi 30. Chini ya bati lisilo na dari kunakuwa na joto zaidi ya hapo. Simu inapochajiwa inaongeza joto lake yenyewe. Jumlisha hayo, na ujue kwamba kava nene la mpira linalizuia joto hilo lisitoke.

Kwa hiyo: vua kava unapochaji. Usiweke simu kitandani, chini ya mto, juu ya friji, juu ya redio au kwenye kochi. Iweke sakafuni kwenye saruji, upande ambao ukuta haukupigwa na jua mchana. Kama unaishi kijijini na nyumbani kwenu bado kuna tembe, una bahati, maana lile paa la udongo linaweka ndani baridi kuliko bati lolote. Mama yangu kule Bahi anaichajia simu yake kwenye chumba kile kile cha mtungi wa maji, kwenye kigoda mbali kidogo na mtungi, na betri yake ina mwaka wa tano. Hakufundishwa na mtu. Anasema kinachoweka maji baridi hakiwezi kuharibu simu.

Saa nazo zina maana. Alfajiri ya Dodoma ni baridi karibu mwaka mzima, na mwezi wa saba inashuka hadi karibu nyuzi 13. Ukichaji saa kumi na moja alfajiri hadi unapotoka kwenda kazini, umechaji kwenye hali nzuri kuliko yule aliyechomeka saa nane mchana ofisini dirishani.

Onyo: ikipata moto, usiiweke kwenye friji. Joto likishuka ghafla, unyevu unageuka matone ya maji ndani na kuharibu bodi. Ivue kava, izime, iweke kivulini, ngoja.

5. Chomeka kwenye 20 hadi 30, chomoa karibu na 80. Hii ndiyo kanuni ya kila siku. Si sheria ya kukukosesha usingizi. Ukichomoa kwenye 85 au 90 hujafanya dhambi. Simu nyingi za sasa zinakusaidia. iPhone 15 na kuendelea zina sehemu ya kuweka kikomo cha asilimia 80. Samsung za miaka ya karibuni zina kipengele cha kulinda betri kinachosimamisha chaji kwenye 80, au 85 kwa zile za nyuma kidogo. Kwenye Tecno, Infinix, Xiaomi na nyingine, ingia sehemu ya betri utafute maneno ya chaji ya akili au ulinzi wa betri. Iwashe leo.

Ukisafiri, jaza mia. Unapanda treni ya SGR kwenda Dar, au basi la Mwanza linatoka alfajiri, jaza bila hofu, maana utaanza kuitumia hapo hapo. Kujaa kwa saa moja hakuna shida. Shida ni kujaa usiku kucha, kila usiku, miaka miwili.

6. Panga chaji ya usiku. Simu ikifika 100 inakata yenyewe, haiendelei kujazwa mpaka ipasuke. Inaposhuka kidogo inajazwa tena kidogo, ikashuka ikajazwa, na hivyo inakaa juu kabisa saa tano au sita wakati wewe umelala. Ikiwa na kikomo cha 80, lala nayo kwenye chaji bila wasiwasi, mradi isiwe chini ya mto. Ikiwa haina, badilisha ratiba: chomeka unapoanza kupika chakula cha jioni, chomoa taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha. Wateja wangu wengi wamelizoea hilo ndani ya wiki moja.

7. Punguza kazi wakati simu inachajiwa. Kupokea simu au kusoma ujumbe hakuna neno. Ila michezo mizito, video ndefu, na kugawa intaneti kwa wenzako wakati waya umechomekwa, hapo umewasha majiko mawili chini ya sufuria moja. Baadhi ya Infinix zina mpangilio wa kuruka betri, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye simu wakati wa mchezo. Kama yako inao na una watoto wanaocheza, utumie.

8. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huja na msukumo. Chaja nzuri hufa yenyewe ikailinda simu, chaja bandia huupitisha. Ngoja dakika tano baada ya taa kuwaka ndipo uchomeke, au pitisha kwenye kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji. Na usiiweke simu kwenye 100 muda wote eti kwa kuogopa umeme kukatika. Nunua pawabenki, uitunze kwa kanuni hizi hizi, kwani nayo ni lithiamu.

9. Ukitumia sola, ipe simu kivuli. Paneli inataka jua, simu haitaki. Nimeona simu ngapi zimelazwa kwenye bati pembeni ya paneli kwa sababu waya ni mfupi! Nunua waya mrefu, simu ibaki ndani. Tena paneli ya volti 12 isipobeba mzigo hufikisha volti 18 au zaidi, na wingu likipita zinayumba. Usiunge moja kwa moja. Pitisha kwenye kidhibiti na betri, ndipo utoe USB.

Kwenye vibanda vya kuchaji vijijini, simu hurundikwa moja juu ya nyingine zikapeana joto. Mwombe mwenye kibanda kwa heshima akutengee yako, na uende na waya wako.

10. Kwa dereva wa bodaboda na bajaji. Mwaka jana mwezi wa kumi kijana mmoja aliniletea simu ambayo kioo chake kilikuwa kimeachana na fremu upande mmoja, uwazi wa kupitisha ukucha. Alidhani iliangushwa. Nilipofungua mfuniko wa nyuma taratibu kwa kadi ya plastiki, betri ilikuwa imetuna kama andazi, ile ngozi yake ya rangi ya fedha imekaza na kung'aa. Nikamuuliza anaiweka wapi. Akanionesha kishikio cha kwenye usukani. Jua la saa saba linapiga kioo moja kwa moja, mwanga wa kioo uko mwisho ili aone ramani, waya wa chaji umechomekwa tangu asubuhi, na asilimia iko 100 siku nzima. Ilikuwa na miezi tisa tu tangu anunue, kwa mkopo ambao bado analipa.

Kama unafanya kazi hiyo, usichaji mfululizo. Chaji ikishuka 40, chomeka ukiwa umepaki kivulini, ikifika 80 chomoa. Simu ikiwa juani, iwe bila waya; ukiichaji, iwe mfukoni au kwenye kivuli. Dereva wa gari naye asiache simu kwenye dashibodi: gari lililofungwa vioo juani linapita nyuzi 50 ndani ya saa moja.

11. Simu ya akiba iwekwe ikiwa nusu. Ukiweka simu kabatini, iache kwenye asilimia 50, izime, na uiangalie kila baada ya miezi mitatu. Ikiwekwa imekauka, betri inaendelea kushuka polepole hadi chini ya kiwango ambacho saketi ya ulinzi huifunga, na haifunguki tena.

Mambo ya zamani ambayo hayakuhusu tena

Lile la kuchaji simu mpya masaa manane, na lile la kusubiri izime, yalitokana na betri za nikeli. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuja na betri ya nikeli, na zile za nikeli zilifaidika na kukaushwa. Wazazi wetu walifundishwa sawasawa kwa wakati wao. Simu yako ya lithiamu inatoka kiwandani ikiwa na chaji ya katikati. Iwashe, itumie, ichaji ikihitaji. Kukausha hadi izime kila siku kunaichosha.

Kwa wenye kitochi chenye betri ya kutoa: zile chaja za kubania betri nje ya simu, nyingi hazikati vizuri. Usilale ikiwa imebana betri. Taa ikibadilika, toa.

Likitokea tatizo

*Inachaji polepole.* Anza na tundu, rudi hatua ya 2. Kisha badilisha waya, maana waya ndio unaokufa kabla ya chaja. Kisha chaja. Vyote vitatu vikiwa vizima, fundi aangalie mfumo wa chaji kabla ya kukuuzia betri. Ukiambiwa "ni betri" na simu haijapimwa, omba ipimwe.

*Inaandika inachaji lakini asilimia inashuka.* Chaja ni dhaifu kuliko matumizi, au imechomekwa kwenye kompyuta. Zima data na mwanga, uone kama itapanda.

*Asilimia inaruka, kutoka 40 hadi 15, au inazima kwenye 25.* Fanya hivi mara moja: itumie hadi izime, ichaji hadi 100 bila kukatiza, iache kwenye waya saa moja zaidi. Hiyo inasahihisha kipimo cha simu, haiponyi betri. Ikirudia, betri imechoka: ukiitaka itoe nguvu nyingi kwa mara moja, kama kufungua kamera, volti zinaanguka na simu inazima. Badilisha.

*Imekaa miezi kabatini, haiwaki.* Tumia chaja ndogo, iache dakika 30 hadi saa moja bila kubonyezabonyeza. Ikiwa haioneshi chochote, ilete kwa fundi.

*Inachoma sana ikichajiwa.* Vua kava, badilisha chaja, angalia kwenye sehemu ya betri ni programu gani inakula. Joto likibaki hata simu ikiwa imezimwa, acha kuichaji.

*Nanunua betri mpya.* Ifanane na ya zamani kwa namba ya modeli. Ukubwa ukiwa ule ule na imeandikwa mAh (kipimo cha uwezo wa betri) mara mbili ya ile ya mwanzo, maandishi yanadanganya. Ilaze kwenye kioo cha meza. Ikiyumba kama kiti kibovu, imeshaanza kutuna, irudishe hapo hapo.

*Imevimba.* Acha kila kitu. Usiichaji, usiibonyeze kioo kirudi, usiitoboe "itoe hewa". Gesi iliyomo inawaka, moshi wake ni sumu, na moto wake unarudi hata ukidhani umezima. Izime simu, iweke kwenye bakuli la chuma au la udongo, juu ya saruji, mbali na pazia, godoro na watoto. Iletwe kwa fundi ikiwa imezimwa, isikae juani njiani. Betri ikishatolewa, isitupwe jalalani, kwa sababu majalala yetu huchomwa moto jioni na watoto huokota vitu pale. Mwachie fundi, na muulize anapeleka wapi. Mimi zangu naziweka kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu nyuma ya meza, nguzo zake nimezifunika kwa utepe, mpaka anapopita mnunuzi wa mabaki ya elektroniki.